Picha iliyo kwenye kumbukumbu: kolibaki ifanye nini baiti zinapokwisha

Maktaba nyingi za kufungua picha huanza kwa kudhani kwamba picha ni faili. Unaipa maktaba jina la faili, inaifungua, inaisoma, inakurudishia pikseli. Kumbe picha nyingi zinazopita ndani ya programu hazijagusa diski kabisa. Nyingine zimetoka mtandaoni sekunde hiyohiyo, nyingine zimechomolewa ndani ya faili ya zipu, nyingine zimechotwa kwenye hifadhidata au zimepachikwa ndani ya programu yenyewe ilipokuwa inaundwa. Ni baiti ambazo tayari zimekaa kwenye kumbukumbu, zenye mwanzo na urefu unaojulikana. Kuziandika diskini ili maktaba izisome upya ni kazi ya mara mbili, na faili hiyo ya muda huleta maswali yake: nani ataifuta, nani mwingine ana ruhusa ya kuisoma, na diski ikijaa itakuwaje.

Njia iliyonyooka ni kolibaki, yaani funksheni unayoiandika wewe lakini anayeiita ni mwingine. Unamkabidhi anwani yake mapema, naye anaiita kila anapoihitaji. Kwenye picha mgawanyo wa kazi uko hivi: kisimbuzi, yaani sehemu ya maktaba inayogeuza baiti kuwa pikseli, kinajua kinataka baiti ngapi na kwa wakati gani, ila hakijui zimehifadhiwa wapi. Wewe unajua zilipo, ila hujui kitaomba ngapi. Kolibaki ndiyo mlango ulio kati yenu.

Wengi wakifika hapa hutafuta mistari kumi ya msimbo, huibandika, picha hufunguka, nao huendelea na mengine. Mistari hiyo ni rahisi kweli. Ugumu uko kwenye makubaliano yaliyo nyuma yake: baiti zikiisha kabla picha haijaisha, funksheni yako iseme nini, na iseme kwa njia gani? Kila maktaba ina jibu lake. Ukichukua jibu la moja ukalipeleka kwa nyingine, utapata picha zilizoharibika bila ujumbe wowote wa kosa.

Kisimbuzi kinaomba nini hasa

Tufuatilie picha ya PNG inavyosomwa na libpng, maktaba ya C ya picha za PNG, maana ukishaona maombi yenyewe, mambo mengi yanajieleza. Ombi la kwanza ni la baiti 8. Hiyo ndiyo saini ya PNG, ambayo kwa hesabu ya kumi na sita ni 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A. Ombi la pili ni la baiti 8 nyingine: 4 za urefu wa kipande kinachofuata na 4 za jina lake, IHDR. Ombi la tatu ni la baiti 13, zenye upana na kimo cha picha, idadi ya biti kwa kila rangi, aina ya rangi na mengineyo machache. La nne ni la baiti 4 za CRC, namba ya kuhakiki kwamba kipande hakikuharibika njiani. Ukiwa na kihesabu cha mahali ulipofika, utakiona kikisogea kutoka 0 hadi 8, kisha 16, kisha 29, kisha 33. Baada ya hapo kunafuata urefu na jina la kipande kingine, na mwendo unaendelea hivyo hadi IEND, kipande cha mwisho.

Kila ombi lina idadi kamili, na kila ombi linaanzia pale lililotangulia lilipoishia. Kwa hiyo kolibaki yako inahitaji kukumbuka mambo matatu tu: baiti zinaanzia wapi, ziko ngapi kwa jumla, na umeshatoa ngapi.

```c
struct Chanzo {
    const unsigned char *data;
    size_t ukubwa;
    size_t nafasi;
};

static void soma_baiti(png_structp png, png_bytep bafa, size_t idadi)
{
    struct Chanzo *c = png_get_io_ptr(png);

    if (idadi > c->ukubwa - c->nafasi)
        png_error(png, "baiti zimekwisha kabla ya picha");

    memcpy(bafa, c->data + c->nafasi, idadi);
    c->nafasi += idadi;
}
```

Unaisajili kwa `png_set_read_fn(png, &chanzo, soma_baiti)`, na kazi imeanza.

Angalia ile hoja ya katikati, `&chanzo`. Libpng haijui ni kitu gani na wala haijali. Inakitunza tu kama kielekezi (anwani ya kumbukumbu) kisicho na aina, na wewe unakiomba tena kwa `png_get_io_ptr`. Mimi nilipoandika kolibaki yangu ya kwanza sikuelewa kilikuwa na faida gani, nikaweka nafasi ya kusoma kwenye kigeu cha jumla juu ya faili. Picha ya kwanza ikafunguka vizuri sana. Ya pili ikakataa, kwa sababu kigeu kile kilikuwa bado kinaelekeza mwisho wa ile ya kwanza. Nikakirudisha sifuri kila mara, nikaona nimepona, hadi siku picha mbili ziliposomwa na nyuzi mbili, yaani kazi mbili za programu zinazokwenda sambamba, kwa wakati mmoja, zikaanza kulana baiti. Kielekezi cha mtumiaji kipo ili kila picha iende na hali yake yenyewe. Ukiona maktaba inayokubali kolibaki bila kielekezi cha namna hiyo, kaa nayo mbali.

Kosa jingine la hapa ni la saini. Programu nyingi hutazama baiti chache za mwanzo kujua kama hii ni PNG au JPEG, kisha hukabidhi chanzo kwa maktaba inayofaa. Kama kutazama huko kumeshasogeza nafasi hadi 8, libpng itasoma urefu wa IHDR ikidhani ni saini, na itakwambia hii si PNG. Ama rudisha nafasi iwe 0, ama iambie umeshazisoma kwa `png_set_sig_bytes(png, 8)`. Ukifanya vyote viwili unarudi kwenye kosa lilelile kwa upande wa pili.

Njia tatu za kusema «zimekwisha»

Rudi kwenye msimbo uone aina ya funksheni: `void`. Hairudishi chochote. Kwa libpng, kurudi kutoka kwenye kolibaki maana yake ni kwamba nimekujazia baiti zote ulizoomba. Hakuna namna ya kurudi na nusu. Ukinakili baiti 40 kati ya 100 zilizoombwa kisha ukarudi kimya, libpng itazitumia zote 100, na zile 60 za mwisho ni takataka zilizokuwa kwenye bafa, lile eneo la kupokelea baiti, tangu awali. Ukiwa na bahati CRC itakataa. Ndiyo maana hapo pameitwa `png_error`, funksheni ambayo hairudi: inaruka moja kwa moja hadi mahali ulipoweka `setjmp`. Hapo ndipo unapofuta miundo ya libpng na kuripoti hitilafu. Kwa wanaoandika C++, mruko huo haupaswi kupita juu ya vitu vyenye viharibifu vyake (funksheni za kusafisha kitu kinapoondoka), kwa sababu lugha haiahidi kwamba viharibifu hivyo vitaitwa. Viweke vitu hivyo nje ya eneo linalorukwa.

Libjpeg, maktaba ya picha za JPEG, inafikiri tofauti kabisa. Haikuombi idadi. Inakutaka umiliki muundo uitwao `jpeg_source_mgr`, wenye kielekezi cha baiti inayofuata, `next_input_byte`, na hesabu ya zilizobaki, `bytes_in_buffer`. Kisimbuzi chenyewe hujichotea baiti mojamoja na kupunguza hesabu. Kolibaki, `fill_input_buffer`, huitwa pale tu hesabu inapofika sifuri. Kwa picha iliyo nzima kwenye kumbukumbu unaelekeza kielekezi mwanzoni, unaandika urefu wote, na kama picha ni salama kolibaki hiyo huenda isiitwe hata mara moja.

Ikiitwa, una majibu mawili, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ukirudisha kweli, unaahidi kwamba umeweka angalau baiti moja mpya. Ukirudisha si kweli, hujasema data imekwisha. Umesema: sina kwa sasa, simama, nitakuita tena. Kisimbuzi kinasimama, `jpeg_read_scanlines` inarudisha mistari 0, na programu yako inapaswa kwenda kutafuta baiti zaidi. Hiyo ni nzuri kwa picha inayoshuka polepole kutoka mtandaoni. Lakini kwa picha iliyokatika, ambayo haina baiti nyingine popote, jibu hilo hugeuka kitanzi kisicho na mwisho: unaita, inasimama, unaita tena, inasimama tena.

Basi data ikiwa imekwisha kweli unafanya nini? Desturi ya libjpeg yenyewe ni kutoa onyo, kisha kukipa kisimbuzi baiti mbili za kubuni, FF D9, ambazo ndizo alama ya mwisho wa picha ya JPEG, na kurudisha kweli. Kisimbuzi kinaamini kimefika mwisho, na sehemu isiyopatikana inajazwa rangi ya kijivu. Ile picha unayoiona wakati mwingine, nusu ya juu safi na nusu ya chini kijivu kitupu, mara nyingi imezaliwa hapa. Kama hutaki picha ya namna hiyo ihesabiwe kuwa imefunguka, tazama `num_warnings` kwenye muundo wa makosa ukishamaliza, kwa sababu onyo si kosa na halitakusimamisha. Na ukiwa hapo, badilisha `error_exit`: ile ya asili ikipata kosa kubwa huandika ujumbe na kuifunga programu nzima. Kwa chombo kidogo cha amri hilo linavumilika; kwa seva inayohudumia watu wengi ni balaa.

Kuna dogo la `skip_input_data` ambalo halistahili kupitwa. Vipande vya maelezo ndani ya JPEG, kama vile vya EXIF (taarifa za kamera), vinaweza kukaribia baiti 65,535 kila kimoja, na kisimbuzi kisichovitaka huomba virukwe vyote kwa mkupuo. Idadi ya kuruka inaweza kuzidi kilichobaki kwenye bafa. Ukitoa tu idadi hiyo kutoka kwenye `bytes_in_buffer`, ambayo haina ishara ya hasi, hesabu itapinduka na kuwa namba kubwa ajabu, na kisimbuzi kitaendelea kusoma kumbukumbu isiyo yake.

Ya tatu ni stb_image, maktaba inayofungua picha za aina nyingi. Hii inataka funksheni tatu kwenye `stbi_io_callbacks`: `read`, `skip` na `eof`. Hapa `read` inarudisha idadi ya baiti ilizozisoma, kwa hiyo unaweza kusema umepata pungufu. Wengi huishia hapo, wakadhani pungufu ni jambo la kawaida kama ilivyo kwenye soketi, ambako unaomba 1,000 ukapewa 300 na nyingine zinafuata. Sivyo. Ndani ya stb_image kuna mahali panapotarajia idadi kamili, na pungufu lolote huchukuliwa kuwa kushindwa. Kama chanzo chako kinatoa kidogokidogo, zungusha kitanzi ndani ya kolibaki hadi bafa ijae au chanzo kiishe kweli. Kurudisha 0 kuna maana moja tu: data imekwisha.

`skip` yake nayo ina mtego. Maelezo ya maktaba yanasema idadi inaweza kuwa hasi, yaani rudi nyuma baiti kadhaa. Mwenye nafasi ya aina ya `size_t`, isiyobeba hasi, anayejumlisha bila kupima atavuka mpaka wa bafa upande mmoja au mwingine. Pima pande zote mbili kabla ya kusogea.

Jambo jingine kuhusu stb_image: husoma kwa vipande vya baiti 128 kwenye bafa yake ndogo ya ndani. Ndiyo sababu inaweza kujaribu PNG, kisha BMP, kisha GIF bila kukuomba urudi mwanzo. Inarudi ndani ya bafa yake yenyewe. Lakini matokeo yake ni kwamba, ikishamaliza, nafasi yako inaweza kuwa imepita mwisho wa picha. Kama umepanga picha mbili zikifuatana kwenye kumbukumbu moja ukategemea nafasi ikuoneshe ya pili inaanzia wapi, utapotea. Hifadhi urefu wa kila moja pembeni.

TIFF haiingii kwenye mpangilio huu wa kusoma mbele tu. Kichwa chake kina namba inayosema jedwali la maelezo liko wapi, na jedwali hilo linaweza kuwa mwishoni kabisa mwa faili. Kwa hiyo `TIFFClientOpen` ya libtiff inadai pia kolibaki ya kuhamia mahali popote na nyingine ya kutaja ukubwa. Kwa data iliyo kwenye kumbukumbu hilo ni jepesi. Kwa data inayotiririka, unalazimika kuikusanya yote kwanza.

Toa, usijumlishe

Kwenye msimbo wa juu kipimo kimeandikwa `idadi > ukubwa - nafasi`. Wengi tungeandika `nafasi + idadi > ukubwa`, na kwa macho ni kitu kilekile. Kwenye mashine ya biti 32, nafasi ikiwa 100 na idadi ikiwa 4,294,967,290, jumla inapinduka na kuwa 94. Kipimo kinasema kuna nafasi tele, na `memcpy` inaondoka na kumbukumbu yote. Kutoa hakuna hatari hiyo maadamu nafasi haijawahi kuzidi ukubwa, na sharti hilo unalilinda wewe mwenyewe kwa kutosogeza nafasi kabla ya kupima. Nimeona kosa hili kwenye msimbo wa watu makini sana, na silichukulii kuwa dogo: baiti za picha mara nyingi zinatoka kwa mtu usiyemjua.

Hesabu hiyohiyo inarudi upande wa pikseli. Picha ya 4,000 kwa 3,000 yenye baiti 4 kwa kila pikseli inataka baiti 48,000,000 hata kama data yake iliyobanwa ni ndogo mno. Picha inayojitangaza kuwa 32,768 kwa 32,768, kwa baiti 4 kila pikseli, inatoa 4,294,967,296, ambayo kwenye biti 32 ni sifuri kamili. Ukitenga kumbukumbu ya sifuri kisha ukaanza kuijaza, umekwisha. Amua kiwango cha juu unachokubali, kipime mara tu baada ya kusoma kichwa, na ukatae kabla ya kutenga chochote.

Kumbukumbu ni ya nani, na hadi lini

`stbi_load_from_memory` husimbua picha yote kabla ya kurudi, kwa hiyo ikisharudi unaweza kuachia baiti za chanzo. Kwa libpng na libjpeg usomaji umegawanyika kwenye wito nyingi: kichwa, mistari, mwisho. Baiti zako, na muundo wa `Chanzo` wenyewe, lazima viishi hadi wito wa mwisho. Kosa la kawaida ni kuutangaza `Chanzo` ndani ya funksheni ya kuandaa. Ile funksheni ikirudi, muundo umetoweka, na libpng imebaki na anwani ya mahali ambapo sasa pana kitu kingine.

Kwenye lugha zinazokusanya takataka zenyewe, yaani zinazoachia kumbukumbu isiyotumika tena bila kuambiwa, kuna sura nyingine ya tatizo hili. Ukitumia ctypes ya Python kukabidhi funksheni kwa maktaba ya C, kile kitu kinachoifunga funksheni ni cha Python, na C haina namna ya kusema bado inakihitaji. Usipokishikilia kwenye kigeu chako, Python itakiondoa, na wito unaofuata utaangukia pasipo na kitu. C# ina mtego uleule kwa delegeti zake. Dalili zake zinachosha kweli, kwa sababu kosa linatokea pale tu mkusanya takataka anapopita, si kila mara.

Kwa wanaojiuliza kama haya yote ni ya lazima: si kila wakati. Libpng tangu toleo la 1.6 ina `png_image_begin_read_from_memory`, libjpeg tangu toleo la 8 la mwaka 2010 ina `jpeg_mem_src`, na mifumo inayofuata POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix) ya 2008 ina `fmemopen`, inayokupa `FILE *` juu ya kipande cha kumbukumbu. Kama baiti zote unazo na njia ya mkato inakutosha, itumie. Kolibaki inakuwa haina mbadala pale baiti zinapofika kwa mafungu, zinapohitaji kufumbuliwa usiri zikiwa njiani, au pale maktaba na programu yako zimeundwa kwa maktaba tofauti za msingi za C kwenye Windows, ambako `FILE *` iliyofunguliwa upande mmoja haiaminiki upande wa pili.

Wewe unaposukuma

Hadi sasa kisimbuzi ndicho kilichovuta. Libpng ina namna nyingine ambayo inageuza mwelekeo: `png_process_data`. Baiti zikifika, hata kama ni 7 tu, unazisukuma ndani, na kolibaki zinakuita wewe kukupa matokeo: moja kichwa kikishajulikana, moja kwa kila mstari wa pikseli, moja picha ikiisha. Swali la «zimekwisha?» linahama kabisa. Kolibaki haiulizwi tena. Ni wewe unayejua mtandao umefungwa, na kama kolibaki ya mwisho haijaitwa hadi wakati huo, picha haikukamilika. Kwa programu inayosubiri matukio mengi kwa pamoja, namna hii ni safi kuliko kusimamisha uzi ndani ya kolibaki ukingoja baiti. Angalizo moja: PNG zilizopangwa kwa Adam7, mpangilio wa kuonesha picha kwa awamu, hupita mara 7 juu ya picha, na kolibaki ya mstari inaweza kuletewa kielekezi kitupu kwa mstari ambao mpito huo haukuugusa. Kabla ya kunakili mstari wowote, hakiki kwamba upo.

Namna yoyote utakayochagua, ijaribu kwa kuikata. Chukua picha ndogo nzima, kisha ifungue ukijifanya una baiti 0 tu, kisha 1, kisha 2, hadi ukubwa wake kutoa 1. PNG itapaswa kutoa hitilafu karibu kila mara, isipokuwa kwenye baiti 12 za mwisho, ambazo ni IEND: kama husomi mwisho kwa `png_read_end`, pikseli zote zitakuwa zimeshatoka na hakuna atakayelalamika. JPEG, baada ya kichwa kusomeka, itakupa picha yenye kijivu na onyo. Kila mara nakili baiti hizo kwenye eneo jipya lililotengwa kwa idadi ileile hasa, na uendeshe jaribio chini ya AddressSanitizer, zana inayonasa usomaji nje ya mpaka wa kumbukumbu. Ukizikata kwa kupunguza tu namba ya urefu huku bafa kubwa ikibaki ilivyo, baiti moja iliyosomwa nje ya mpaka itaangukia kwenye data halali ya picha ileile, na jaribio litapita.